Ardhi, Mvua na Reli: Historia na Jiografia ya Kitongoji cha Nicodemus, Kansas



Mada niliyopewa ni historia na jiografia ya makazi madogo ya mashambani, yale ambayo ramani ya nchi huyaruka na ramani ya wilaya huyawekea nukta tu. Ningeweza kuyazungumzia kwa jumla, lakini jumla hupoteza yale tunayoyahitaji zaidi: nani alifika, alilala wapi, alilima nini, kwa nini aliondoka au alibaki. Kwa hiyo nimechagua kitongoji kimoja, nami nitakaa nacho tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kinaitwa Nicodemus. Kipo katika kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu hapo watu 14. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani na kupata uhuru miaka 12 tu kabla ya hapo. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani inakitambua kuwa makazi ya watu weusi ya zamani zaidi yaliyosalia magharibi mwa mto Mississippi.

Hoja yangu ni moja. Wingi na uchache wa watu wa Nicodemus uliamuliwa na mvua na reli, mambo mawili ambayo wakazi hawakuwa na uwezo nayo. Lakini kuwapo kwa Nicodemus hadi leo kumeamuliwa na wakazi wenyewe: na hati zao za ardhi, na vyombo walivyojiundia, na desturi yao ya kurudi. Anayekisoma kitongoji kwa kuhesabu vichwa peke yake hawezi kueleza kwa nini makazi fulani hufa na mengine yakaendelea kuishi.

Makazi yasiyo na serikali yake

Nchini Marekani mji huzaliwa kisheria. Wakazi wa mahali huomba, taratibu za jimbo hufuatwa, na kuanzia siku hiyo mji huwa na mipaka, meya, baraza, na uwezo wa kutoza kodi na kutunga sheria ndogo. Lakini yapo maelfu ya makazi ambayo hayakupita njia hiyo, au yaliipita kisha yakarudi nyuma. Yana jina, yana kanisa, yana makaburi, pengine na duka. Serikali yao wenyewe hayana. Barabara zao hutunzwa na kaunti au kata, usalama wao uko chini ya sherifu wa kaunti, na mambo yao makubwa huamuliwa katika ofisi zilizo mji mwingine. Nicodemus ya leo ni makazi ya namna hiyo. Kitongoji cha Tanzania kina mwenyekiti aliyechaguliwa, nacho ni ngazi ya serikali za mitaa. Kitongoji cha Kansas kama hiki hakina hata mwenyekiti.

Hali hiyo ina gharama zake. Mahali pasipo na baraza hapana mtu mwenye mamlaka ya kwenda kuzungumza na kampuni ya reli, kukopa fedha za kuchimba kisima, au kudai posta isifungwe. Lakini ina upande wake wa pili ambao wanajiografia hatuutazami vya kutosha. Mji uliosajiliwa unaweza kufutwa kwenye daftari. Kitongoji kisichosajiliwa hakina daftari la kufutwa. Kinakwisha pale tu watu wake wanapoacha kukiita chao.

Mahali penyewe

Nicodemus ipo upande wa kaskazini wa mto South Solomon, kwenye mwinuko wa mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara kuu namba 24. Nchi yenyewe ni mbuga za nyasi zinazopanda na kushuka taratibu. Miti ya asili ilikuwa kwenye kingo za mito peke yake. Chini ya udongo kuna mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyokuja kujengea kuta imara za kwanza.

Mvua hapo ni wastani wa milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu sawa na Dodoma. Sehemu kubwa hunyesha kati ya Mei na Agosti. Tofauti na Dodoma ni halijoto: kiangazi joto hupita nyuzi 38, na majira ya baridi huleta theluji, upepo mkali na siku ambazo maji huganda ndani ya ndoo. Mkulima wa hapo anapambana na ukame wa Dodoma na baridi kali kuliko ya kilele cha Meru katika shamba lilelile, mwaka uleule.

Wastani wa mvua, hata hivyo, huficha jambo la msingi. Mwaka 1878, mwaka mmoja baada ya Nicodemus kuanzishwa, mpelelezi wa ardhi John Wesley Powell alitoa taarifa kwa serikali ya Marekani kuhusu nchi kame za magharibi. Alisema kuwa penye mvua pungufu ya inchi 20, yaani milimita 500 na ushee, mkulima hawezi kutegemea mvua peke yake, na kwamba mpaka huo unakaribiana na longitudo ya digrii 100 magharibi. Mstari huo unapita kilomita 30 na kitu tu magharibi mwa Nicodemus. Kitongoji kiliwekwa ukingoni kabisa. Miaka ya mvua nzuri hapo ni nchi ya ngano. Miaka ya mvua mbaya ni nchi ya vumbi. Na hakuna anayejua mapema ni mwaka upi unaokuja.

Jambo la pili la kijiografia lilichorwa na binadamu. Serikali ya Marekani iliipima nchi hii kwa miraba: kila kipande cha maili moja kwa maili moja kina ekari 640, na robo yake ni ekari 160. Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 ilimpa mkuu wa familia haki ya kuchukua robo hiyo ya ekari 160, ambazo ni hekta 65 hivi, kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Kwa hiyo kila familia ilijenga juu ya ardhi yake, mbali na jirani. Nicodemus yenyewe ilikuwa mahali pa kukutania: kanisa, shule, duka, posta. Ukihesabu nyumba zilizo barabarani unapata kitongoji kidogo. Ukihesabu familia zilizokuwa zikikusanyika hapo siku ya Jumapili unapata jamii kubwa iliyoenea maili nyingi pande zote.

Na tuseme ukweli wote kuhusu ardhi hiyo. Haikuwa tupu. Wapawnee, Wacheyenne na mataifa mengine ya wenyeji walikuwa wakiwinda nyati wa Amerika katika mbuga hizo, nao walisukumwa nje kwa mikataba na kwa bunduki kabla ya ardhi kupimwa na kugawiwa. Watu walionyang'anywa uhuru wao walipewa nafasi juu ya ardhi iliyonyang'anywa wengine. Hawakuwa wao waliounda mpango huo, lakini historia ya kitongoji chao haikamiliki bila kulitaja jambo hili.

Tangazo la dola tano

Kwa nini mtu wa Kentucky, nchi ya misitu na chemchemi, ahamie mbuga kavu umbali wa zaidi ya kilomita 1,200? Jibu liko katika mwaka wenyewe. Mwaka 1877 serikali kuu ya Marekani iliondoa askari wake wa mwisho waliokuwa wakilinda serikali za Ujenzi Mpya, zile zilizoundwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika majimbo ya kusini. Kentucky haikuwa miongoni mwa majimbo yaliyojitenga, lakini watu weusi wake nao waliishi chini ya vitisho vya magenge ya usiku, na wengi walilima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno, mpango uliowaacha na deni kila msimu ulipokwisha. Walikuwa huru, na hawakuwa na pa kusimama.

Kansas ilikuwa na sifa nyingine. Katika miaka ya 1850 watu waliuana huko kugombania kama utumwa uruhusiwe au la, John Brown akiwa miongoni mwa waliopigana dhidi yake, na mwaka 1861 jimbo liliingia katika Muungano likiwa jimbo huru. Kwa watu weusi wa wakati ule jina la Kansas lilikuwa na uzito wa ahadi.

Aprili 1877 iliundwa kampuni ya mji wa Nicodemus. Mmoja wa waasisi alikuwa W. R. Hill, mzungu mfanyabiashara wa ardhi; rais wa kampuni alikuwa W. H. Smith, mtu mweusi. Katibu alikuwa mchungaji Simon Roundtree. Simulizi za Nicodemus husema Roundtree alikuwa na kovu la chuma cha moto shavuni, adhabu aliyopewa utumwani kwa kosa la kujifunza kusoma. Mtu huyo ndiye aliyetia sahihi karatasi ya kuwaalika raia weusi wa Marekani waje kuishi katika mji wao wenyewe. Tangazo lililobandikwa Lexington, Kentucky, liliwaambia watu weusi wanaotaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 kwamba wangeweza kwenda kwa dola 5.

Watu 300 hivi waliitikia. Walisafiri kwa treni mpaka Ellis, stesheni iliyo kilomita zaidi ya 50 kusini mwa Nicodemus, kisha wakamalizia safari kwa miguu na kwa mikokoteni ya kukodi. Walifika katikati ya Septemba, msimu wa kupanda mahindi umepita zamani na baridi iko njiani. Karatasi iliahidi mji. Walikuta nyasi.

Maisha ndani ya handaki

Naomba tukae kidogo na majira hayo ya baridi ya kwanza, maana hapo ndipo kitongoji kilipojaribiwa.

Palipo na mbao watu hujenga kwa mbao. Nicodemus hapakuwa na mbao. Walichokuwa nacho ni mwinamo wa kilima na majembe ya mkono. Walichimba ubavuni mwa kilima chumba kimoja, wakakata mlango upande wa chini, wakaacha mwisho wa pili mahali pa kuwashia moto na tundu la kutolea moshi. Juu walilaza fito kutoka kingoni mwa mto, juu ya fito vijiti na nyasi, na juu ya nyasi mabonge ya udongo wenye mizizi. Sakafu ilikuwa udongo uliopigwapigwa, na kuta zilikuwa udongo uleule uliokatwa wima. Handaki lililochimbwa vizuri lilihifadhi joto kuliko kibanda cha mbao. Lakini mvua ilipenya darini, na panya na nyoka waliona chumba hicho kuwa makao yao pia. Kuni zilikuwa haba, kwa hiyo walichoma mashina ya alizeti-pori na samadi kavu.

Mwaka 1878 kundi jingine lilifika kutoka Georgetown, Kentucky, likiongozwa na mchungaji Daniel Hickman. Mkewe, Willianna Hickman, aliacha kumbukumbu ambayo leo inajulikana kwa kila anayeisoma historia ya mbuga zile. Wakiwa Ellis watoto wa msafara walishikwa na surua, na baadhi walizikwa hapo. Siku ya kukaribia Nicodemus wanaume walishangilia kwamba wamefika. Willianna alitazama kwa bidii, asione mji. Aliuliza uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Familia zilikuwa chini ya ardhi. Anasimulia kwamba alilia.

Hakuwa peke yake. Familia zipatazo 60 kati ya waliofika waligeuka wakarudi walikotoka au wakaenda miji mingine. Hasira dhidi ya Hill ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki, kwa sababu aliuza picha ya mahali ambapo hapakuwapo. Waliobaki walipita majira ya baridi kwa msaada uliotoka miji ya Kansas, na simulizi za wazee zinaongeza kwamba Waosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Wanaume wengi walitembea mpaka stesheni za reli kutafuta vibarua, na kwa hiyo wanawake ndio waliolinda mahandaki na viwanja katika miezi hiyo.

Masika yalipokuja walilima walivyoweza. Farasi na plau zilikuwa chache mno. Nyasi za mbuga zina mizizi iliyosukana kama mkeka, na kuigeuza ekari moja kwa jembe la mkono ni kazi ya siku nyingi. Familia zilianza na vipande vidogo. Mwaka 1879 wakazi waliivunja kampuni ya mji na kutangaza kwamba hawaombi tena msaada. Huo ndio mwaka ambao maelfu ya watu weusi wa Mississippi, Louisiana na Tennessee walikuwa wakimiminika Kansas. Nicodemus ilikuwa imetangulia kwa miaka miwili, na sasa ilitaka kujulikana kwa mavuno yake.

Mji unaochipuka

Miaka iliyofuata ilikuwa na ukame na ilikuwa na mvua, lakini kwa jumla kitongoji kilipanda. Zachary Fletcher na mkewe Jenny walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, Julai 1877, kabla ya kundi la Septemba. Zachary alikuwa mkuu wa posta na akafungua hoteli. Jenny alikuwa mwalimu wa kwanza, na shule ilianzia nyumbani kwao. Waumini wa kanisa la Methodisti la Kiafrika walikuwa na kusanyiko lao, na Wabaptisti nao walikuwa na lao. Kufikia mwaka 1887 Nicodemus ilikuwa na maduka, hoteli, benki na magazeti mawili, Western Cyclone lililoanza mwaka 1886 na Nicodemus Enterprise lililofuata mwaka 1887. Wafanyabiashara wazungu nao walikuja kufungua biashara, na watu wa rangi mbili waliuza na kununua katika barabara moja.

Na kitongoji kilitoa viongozi. Edward McCabe, kijana aliyezaliwa Troy, New York, mwaka 1850, alifika Nicodemus mwaka 1878 na kujishughulisha na hati za ardhi. Kaunti ya Graham ilipoanzishwa rasmi mwaka 1880 aliteuliwa karani wa muda wa kaunti, kisha akachaguliwa. Mwaka 1882 wapiga kura wa Kansas, walio wengi wakiwa wazungu, walimchagua mkaguzi mkuu wa hesabu za jimbo, na mwaka 1884 wakamrudisha. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa ngazi hiyo katika jimbo lile. Baadaye alihamia Oklahoma, akawa mmoja wa waasisi wa mji wa Langston. Miaka 5 tangu watu waishi mahandakini, kitongoji kilikuwa na mtu wake katika makao makuu ya jimbo.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa rutuba peke yake. Ilikuwa hati. Aliyekaa miaka yake 5 alikwenda ofisi ya ardhi akarudi na karatasi yenye jina lake. Mtu ambaye sheria ilikuwa imemwandika kuwa mali sasa sheria ilimwandika kuwa mwenye mali. Mwenye hati aliweza kukopa kwa dhamana ya shamba, kuwarithisha watoto, na kupiga kura bila kumwogopa mwenye ardhi, kwa kuwa mwenye ardhi ni yeye.

Reli iliyopita ng'ambo ya mto

Katika mbuga za Kansas ya karne ya 19 reli ndiyo iliyoamua mji upi uishi. Ngano ni nzito na bei yake kwa gunia ni ndogo. Mkulima anayeisafirisha kwa mkokoteni siku mbili huila faida yake njiani. Mbao, makaa ya mawe na mashine za kilimo navyo vilikuja kwa treni. Makampuni yalijua hivyo, na yalidai kila mji uchangie ujenzi wa njia.

Machi 1887 wapiga kura wa kata ya Nicodemus waliidhinisha hati za dhamana za dola 16,000 ili reli ya Missouri Pacific ipite kwao. Kwa wakulima ambao miaka 10 nyuma walikuwa wakichoma mashina ya alizeti-pori, hiyo ilikuwa fedha nyingi sana, na kura ile inaonyesha imani yao. Magazeti mawili yaliandika juu ya reli kila toleo. Watu walinunua viwanja, bei zikapanda. Kisha Missouri Pacific haikufika. Mwaka 1888 Union Pacific ndiyo iliyojenga, na ilipitisha njia yake ng'ambo ya kusini ya mto South Solomon. Mji mpya, Bogue, ulizaliwa kandokando ya reli, kilomita chache kutoka Nicodemus.

Wafanyabiashara hawakusubiri. Baadhi walibeba hata majengo yenyewe, wakayavusha mto mpaka Bogue. Magazeti yalifungwa. Mwaka huohuo wa 1888 makao makuu ya kaunti yalikwenda Hill City, mji ulioanzishwa na Hill yuleyule aliyeitangaza Nicodemus Kentucky. Katika mwaka mmoja kitongoji kilikosa reli na kikakosa ofisi. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua kwamba Nicodemus isiwe mji.

Msikilizaji anaweza kujiuliza kama rangi ya wakazi ilichangia uamuzi wa kampuni. Linalothibitika ni hili: wakulima wa Nicodemus hawakuwa na mtu wao kwenye meza iliyochora njia ile, na mahali pasipo na sauti mezani huchorwa na wengine.

Kupungua bila kufa

Miji mingi ya mbuga iliyokosa reli ilitoweka katika miaka michache. Nicodemus haikutoweka, na sababu zake ndizo kiini cha mhadhara huu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Wenye maduka waliweza kuhamia Bogue. Wenye mashamba hawakuhama. Robo ya ekari 160 haibebwi kwenye mkokoteni. Familia ziliendelea kulima ngano, kufuga, kununua kipande cha jirani aliyechoka. Kilichokufa mwaka 1888 ni biashara za mjini. Jamii ya wakulima iliendelea kuwa imara kwa miongo mingine minne.

Sababu ya pili ni vyombo walivyojiundia. Wabaptisti walijenga kanisa lao la mawe mwaka 1907. Shule ya wilaya namba 1 ilijengwa upya mwaka 1918. Kisha ikaja miaka ya 1930, bei ya ngano ikaanguka, mvua ikakata, na upepo ukainua udongo wa mbuga mpaka mchana ukawa giza. Mwaka 1935 walikuwa wamebaki watu 76. Na bado, mwaka 1939, ulijengwa Ukumbi wa Kata kwa mawe ya chokaa ya huko huko, kwa mpango wa serikali kuu wa kuwapa kazi wasio na ajira. Wengine wangejenga kwingine, penye watu zaidi. Wao walijenga nyumba ya mikutano katika kitongoji kilichokuwa kikipungukiwa na wa kukutana, na ukumbi huo ndio uliokuja kuwapokea wageni wa kizazi kilichofuata.

Sababu ya tatu ni desturi. Tangu miaka ya mwanzo watu wa Nicodemus walisherehekea tarehe 1 Agosti, siku ya mwaka 1834 ambapo sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakiiadhimisha siku hiyo hata kabla ya kupata uhuru wao wenyewe. Wakati huo mavuno ya ngano yamekwisha, ghala lina kitu na mkulima ana nafasi. Watu walikula pamoja, walicheza besiboli, walishindanisha farasi, walisali. Vijana walipoanza kwenda Denver, Topeka, Kansas City na California kutafuta kazi, sherehe hiyo ilipata kazi mpya: ikawa siku ya kurudi. Mpaka leo, mwishoni mwa Julai, mamia ya wazao wa waanzilishi hufika kutoka majimbo mbalimbali. Siku hizo kitongoji cha watu 14 hufurika watu.

Sensa haina safu ya watu hao. Mwaka 1950 ilihesabu 16. Mwaka 1953 posta ikafungwa, na shule ikaifuata baadaye. Kwa kipimo cha kawaida cha jiografia ya makazi, Nicodemus ilikuwa imekwisha. Lakini watoto wake walibeba jina lake popote walipokwenda. Veryl Switzer, aliyezaliwa hapo mwaka 1932, alicheza mpira wa Kimarekani Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, na mwaka 1954 timu ya Green Bay Packers ikamchagua akiwa mchezaji wa nne nchi nzima. Baadaye alirudi chuoni kwake akawa kiongozi aliyefungulia njia wanafunzi weusi. Mwaka 1976 Nicodemus ilipewa hadhi ya Alama ya Kihistoria ya Taifa, na Novemba 1996, baada ya wazao kufuatilia kwa bidii, Bunge la Marekani liliifanya Eneo la Kihistoria la Taifa. Majengo 5 yanalindwa: makanisa mawili, shule, hoteli ya akina Fletcher, na Ukumbi wa Kata.

Tunachojifunza

Ndugu zangu, pwani yetu nayo ina makazi ya watu waliotoka utumwani katika miaka hiyohiyo. Mapadri wa Kikatoliki waliweka kijiji cha uhuru Bagamoyo kuanzia mwaka 1868. Mwaka 1875, baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, wamisionari wa Kianglikana walianzisha Frere Town karibu na Mombasa. Makazi hayo yaliokoa maisha ya watu wengi, na yalitoa walimu, mafundi na wahubiri wa kwanza. Lakini ardhi na mamlaka vilikuwa mikononi mwa misheni. Mkazi aliishi kwa idhini. Nicodemus inatuonyesha tofauti inayoletwa na hati: mkazi maskini kuliko yule wa misheni, aliyelala chini ya ardhi, lakini ambaye hakuna aliyeweza kumwambia aondoke. Wanahistoria wetu wakiyalinganisha makazi hayo kwa kina watatupa kitabu kinachohitajika sana.

Somo la pili ni la namna ya kusoma mahali. Kaunti nzima ya Graham ilikuwa na watu karibu 2,400 mwaka 2020, chini ya theluthi ya waliokuwapo mwaka 1930. Mashine zimechukua kazi za mikono, mashamba yameungana, vijana wameondoka, weusi kwa wazungu. Nicodemus imepungua pamoja na jirani zake wote, waliopata reli na walioikosa. Bogue yenyewe, iliyoibeba biashara ya Nicodemus, leo ni kijiji cha watu wachache. Reli ilitoa miongo michache ya neema. Hati, ukumbi na siku ya kurudi vimetoa karibu karne moja na nusu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mlio hapa mwende katika vitongoji vyenu na maswali matatu. Ardhi hapa ni ya nani, na karatasi yake iko wapi? Watu wa hapa wamejijengea chombo gani wenyewe, kiwe msikiti, kanisa, shule au ghala la ushirika, na kumbukumbu zake nani anazitunza? Na waliohama hurudi lini, kwa jambo gani? Andikeni majibu wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Daftari la mahudhurio la shule ya msingi, kumbukumbu za mikutano ya kijiji, majina yaliyochongwa makaburini: hivyo ndivyo vyanzo vyetu, na vingi vinaliwa na mchwa wakati tunasubiri mradi wa kutoka mbali.

Watu wa Nicodemus hawakuweza kuileta mvua, wala hawakuweza kuihamisha reli. Waliyoyaweza ni machache, na waliyafanya yote: walimiliki, walijenga, walirudi. Mahali padogo panahitaji hayo ili padumu, na hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja ruhusa ya makao makuu.